Sista, Kitovu Nikipake Nini? Jinsi Muuguzi Anavyotafuta Jibu Kwenye Kanzidata

Mama amejifungua jana, leo anaruhusiwa kwenda nyumbani. Anafunga kanga, anamwangalia muuguzi, anauliza: "Sista, hiki kitovu nikipake nini?" Wewe uko mwaka wa tatu, uko rotesheni ya wodi ya wazazi, na swali limekuangukia wewe kwa sababu umevaa nyeupe. Unajibu nini?

Nikiwauliza wasomaji kumi wa jarida hili wanaosoma uuguzi, nina hakika nitapata majibu matatu. Wa kwanza atasema spiriti. Wa pili atasema klorheksidini. Wa tatu atasema usipake chochote, kiache kikavu. Ubaya ni kwamba hakuna kati yao anayebahatisha. Kila jibu kati ya haya limewahi kufundishwa darasani kwa uzito wote, na bado linazunguka wodini likitegemea nani alisoma mwaka gani na wapi. Kujua lipi ni la leo kunahitaji mtu atafute, na hapo ndipo shughuli ilipo.

Kwanza tuone wauguzi wanatafutaje kweli, tuache wanavyotakiwa kutafuta. Mwaka 2005 jarida la American Journal of Nursing lilichapisha utafiti uliowahusu wauguzi waliosajiliwa nchini Marekani, nchi yenye kompyuta kila kona ya hospitali. Ilionekana kwamba muuguzi akihitaji taarifa, mara nyingi humwuliza mwenzake, na akienda kwenye mashine huenda kwenye intaneti ya kawaida kabla ya kufikiria kanzidata kama MEDLINE au CINAHL. Wengi hawakuwahi hata kufundishwa namna ya kuzitumia. Tafiti za Uingereza za miaka hiyo hiyo zilionyesha mwelekeo ule ule: chanzo kinachopendwa ni mtu.

Walimu wetu wakilisikia hili husikitika, lakini mimi sioni kama ni uvivu. Mwenzako yuko mita tatu kutoka kitandani, anamjua mgonjwa, anajua duka la dawa lina nini leo na halina nini, na anakujibu kwa dakika moja kwa Kiswahili. Hakuna kanzidata duniani yenye sifa hizo. Tatizo la jibu la mwenzako ni dogo lakini ni sugu: halina tarehe. Sista mkuu anayekuambia "sisi hapa tunatumia spiriti" hakuambii alilijua hilo lini, wala yeye mwenyewe hakumbuki. Kila rekodi ya kanzidata imegongwa mwaka wake.

Sasa msidhani kwamba muuguzi akifungua kanzidata mambo yameisha. Mwaka 2002 William Hersh na wenzake wa Oregon walichapisha jaribio ninalodhani kila mwanafunzi wa afya alisikie. Waliwapa wanafunzi wa udaktari, na wauguzi waliokuwa wakisomea ngazi ya juu ya tiba, maswali ya wagonjwa. Wakajibu kwanza kwa akili yao, kisha wakaruhusiwa kutafuta MEDLINE na kujibu tena. Kabla ya kutafuta, makundi yote mawili yalipata karibu theluthi moja ya majibu sahihi. Baada ya kutafuta, wanafunzi wa udaktari walipanda hadi kama nusu. Wauguzi walibaki karibu pale pale, asilimia 32 kwenda asilimia 35 hivi. Na muda waliotumia ulikuwa zaidi ya nusu saa kwa swali moja! Mfumo waliotumia ni wa zamani, na kundi lilikuwa dogo, hivyo msikimbilie kusema wauguzi hawawezi. Ninachokichukua mimi ni kwamba mtu anaweza kutafuta kwa bidii, akapata makala, akayasoma, na bado akatoka na jibu lile lile alilokuwa nalo. Kupata makala na kupata jibu ni kazi mbili.

Tufungue mashine tuone ndani kuna nini. PubMed ni mlango wa bure, uliofunguliwa kwa umma mwaka 1997, wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani iliyoko Bethesda, Maryland. Ndani yake kuna rekodi zaidi ya milioni 35. Nimesema rekodi: jina la makala, waandishi, jarida, mwaka, na mara nyingi muhtasari. Makala yenyewe inaweza kuwa wazi au ikawa nyuma ya malipo. Sehemu kubwa ya rekodi hizo ni MEDLINE, kanzidata ambayo asili yake ni faharasa ya vitabu iliyoanzishwa mwaka 1879 na daktari wa jeshi, John Shaw Billings. CINAHL ni ya wauguzi hasa. Ilitokana na kadi za faharasa zilizoandikwa na wakutubi wa hospitali huko Los Angeles, na kitabu chake cha kwanza kilitoka 1961. Leo ni ya kulipia, kwa hiyo utaiona tu kama chuo kimelipa. Na kuna Cochrane, iliyoanzishwa 1993, ambayo kazi yake ni kukusanya majaribio yote ya swali moja na kuyapima kwa pamoja.

Hadi hapo ni maelezo ya mlangoni. Ugumu wenyewe ni lugha, na sisi wa huku tunaupata mara mbili.

Mama anasema "kitovu kinanuka." Mwalimu amekufundisha useme kwa Kiingereza kwamba kuna maambukizi ya kitovu. Mwandishi wa makala aliandika "omphalitis." Kwa hiyo kutoka kitandani hadi kwenye kisanduku cha kutafutia, swali limevuka mito miwili: Kiswahili kwenda Kiingereza cha darasani, kisha Kiingereza cha darasani kwenda kile cha waorodheshaji. Mwanafunzi wa Ohio anavuka mmoja tu. Na kila mto una maji yake. Chukua "kidonda cha kulalia." Wazee wa kazi walikiita "bedsore." Vitabu vya zamani viliandika "decubitus ulcer." Baadaye ikawa "pressure ulcer," na mwaka 2016 jopo la Marekani linaloshughulikia vidonda hivyo likaamua kiitwe "pressure injury." Mgonjwa ni yule yule, mgongo ule ule, ila ukiandika jina moja peke yake unaweza kupoteza miaka mingi ya tafiti zilizotumia jingine.

Maktaba ya Bethesda ililiona tatizo hili mapema, na mwaka 1960 ikatoa orodha rasmi ya vichwa vya mada, inayojulikana kwa kifupi kama MeSH. Makala ikiingia MEDLINE hupewa vichwa hivyo hata kama mwandishi alitumia neno jingine. Ndiyo maana ukiandika "bedsore" PubMed, mashine yenyewe inakupeleka kimya kimya kwenye kichwa cha "Pressure Ulcer." Wengi hatujui kama inafanya hivyo. Baada ya kutafuta, nenda kwenye ukurasa wa utafutaji wa kina, fungua maelezo ya utafutaji wako, uone mashine ilikuelewa vipi. Ni kama kumwuliza konda kabla basi halijaondoka: hili linapita Mbezi au?

Turudi kwenye kitovu. Ukiandika "cord" peke yake utaletewa uti wa mgongo na nyuzi za sauti kooni. Ukiandika "umbilical cord" unasogea, lakini utakutana na mafuriko ya makala za maabara kuhusu seli shina zinazotolewa kwenye damu ya kitovu. Ni sayansi nzuri, ila haimsaidii mama mwenye kanga. Shida si mashine. Shida ni kwamba hujaiambia swali lako, umeiambia mada. Swali lina sehemu nne, na wauguzi hufundishwa kuzipanga kwa herufi za PICO: ni nani, anafanyiwa nini, badala ya nini, na tunaangalia matokeo gani. Kwetu: mtoto mchanga, klorheksidini, badala ya kuacha kitovu kikavu, na tunaangalia maambukizi na vifo. Sasa andika:

newborn AND "umbilical cord" AND chlorhexidine

Hiyo AND, kwa herufi kubwa, ni mlinzi wa getini anayetaka kitambulisho na stakabadhi ya ada, vyote viwili. OR ni mlinzi mpole: ukiwa na kimojawapo, pita. Kwa hiyo AND hupunguza, OR huongeza, na maneno ya OR yafungwe kwenye mabano ili mashine isiyachanganye, kwa mfano (chlorhexidine OR alcohol). Matokeo yasizame chini ya kumi au ishirini kwa sababu umebana mno, wala yasibaki maelfu. Sehemu ya matokeo iache kwanza, yaani usianze na "mortality," kwa sababu waandishi hutaja matokeo kwa maneno mengi na utajikuta umewafungia nje walio wako.

Sasa makala zinakuja, na hapa naomba tutulie.

Utakutana na jaribio la Nepal, wilaya ya Sarlahi, lililochapishwa kwenye Lancet mwaka 2006. Watoto waliopakwa klorheksidini walipata maambukizi machache zaidi, na waliopakwa ndani ya saa 24 za kwanza walikufa wachache zaidi kuliko waliokaushwa tu. Utakutana na Bangladesh, Sylhet, mwaka 2012: kupaka mara moja kulipunguza vifo kwa kama asilimia 20, ingawa, ajabu, kupaka siku saba hakukuonyesha tofauti iliyo wazi. Utakutana na Pakistan, Sindh, mwaka huo huo: vifo vilipungua. Kisha mapitio ya Cochrane ya mwaka 2013 yanakusanya hayo na kusema kwamba katika jamii za nchi zinazoendelea klorheksidini inapunguza vifo na maambukizi ya kitovu. Nani asingefunga kompyuta hapo? Una majaribio makubwa matatu, una Cochrane, unaandika kazi yako, unapata alama nzuri. Unamwambia mama apake.

Lakini shuka chini kidogo. Mwaka 2016, Lancet Global Health, kuna jaribio la Pemba. Ndiyo, Pemba hii yetu, safari ya boti. Watoto zaidi ya 36,000 walifuatiliwa, baadhi kwa klorheksidini na baadhi kwa kitovu kikavu. Vifo vilikuwa 10.5 kwa kila watoto 1,000 upande mmoja na 11.7 upande wa pili, tofauti ambayo kitakwimu haitoshi kusema dawa ndiyo iliyofanya kazi. Mwaka huo huo, jarida hilo hilo, jaribio la Zambia, Mkoa wa Kusini, nalo halikupata punguzo la vifo. Basi majaribio makubwa mawili ya Afrika yamesema jambo tofauti na yale ya Asia.

Nani amekosea? Hakuna. Angalia kundi la kulinganisha. Sylhet, watoto waliokaushwa kitovu tu walikuwa wanakufa kama 28 kwa kila 1,000. Pemba hawakufika 12. Mahali ambapo uzazi wa nyumbani ni mwingi na vifo viko juu, dawa inakuta kazi ya kufanya. Mahali ambapo hali tayari ni nafuu, inakuta kazi ndogo. Jibu lilitegemea mahali, na aliyetafuta akaishia 2013 asingelijua hilo.

Kitovu hakiko peke yake. Mwaka 2011 jaribio la FEAST, lililofanyika katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko mbaya wa damu, lilionyesha kwamba waliomiminiwa maji ya dripu kwa haraka walikufa wengi zaidi kuliko ambao hawakumiminiwa: kati ya 10 na 11 kwa mia dhidi ya 7 hivi, ndani ya saa 48. Miongozo ya wakati ule ilikuwa inapendekeza yamiminwe. Nani anafungua ile dripu? Muuguzi. Kwa hiyo tusiseme kutafuta ni kazi ya daktari na muuguzi ni mtekelezaji.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo mapya ya huduma baada ya kujifungua. Kitovu: kiwe safi na kikavu. Klorheksidini ya asilimia 4, kila siku kwa wiki ya kwanza, ipendekezwe tu mahali ambapo watu wana desturi ya kupaka vitu vyenye madhara, kama kinyesi cha mifugo.

Soma tena sharti hilo la mwisho. Kanzidata imekurudisha wodini! Huwezi kumjibu mama mpaka nawe umwulize: "Mama, ukifika nyumbani, bibi atakuambia upake nini?" Akisema majivu, akisema kinyesi cha ng'ombe, mazungumzo ni tofauti na akisema "hatupaki kitu." Hakuna rekodi kati ya zile milioni 35 inayojua jibu la huyu mama. Na kama klorheksidini itatolewa, yapo mambo mawili ambayo mtafutaji mzuri atayaokota njiani na mvivu atayakosa. Dawa hiyo huchelewesha kitovu kudondoka kwa siku moja hadi mbili, na asipoambiwa mapema mama ataona kuna jambo baya na kutafuta dawa nyingine. Pili, ziliripotiwa ajali barani Afrika za watoto kuumizwa macho kwa sababu mtu alidhani ni dawa ya macho. Kwa hiyo maelezo ya "ni ya kitovu, si ya macho" yanatoka kinywani mwako, usiiachie karatasi ya ndani ya boksi.

Kwa nini wengi wetu tunaishia 2013? Sababu moja ni ya kimashine tu. PubMed ya sasa haipangi matokeo kwa tarehe isipokuwa ukiiambia. Inapanga kwa kile inachodhani kinafanana zaidi na ulichoandika. Makala ya kwanza kwenye orodha inaweza kuwa ya zamani kuliko mdogo wako. Badilisha mpangilio, uone mpya kwanza. Sababu ya pili ni kwamba hatutumii ile sehemu ya chini ya rekodi inayoonyesha nani ameitaja makala hii baadaye. Ukiwa kwenye Nepal 2006, waliomtaja ndio watakaokupeleka Pemba 2016. Mimi naona hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote, na sijawahi kuona ikipewa hata dakika tano kwenye somo letu la stadi za habari.

Kuhusu kupata makala nzima: Lancet Global Health ni jarida la wazi, kwa hiyo Pemba na Zambia unazisoma bure. Kwingine, weka kichujio cha makala za bure, au tumia Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani na wachapishaji mwaka 2002 ili taasisi za nchi zenye kipato kidogo zisome majarida ya kulipia. Nywila yake haikai kwako, inakaa kwa mkutubi. Nendeni mkamsalimie, wengi wanamwona siku ya kusaini fomu ya kumaliza chuo. Kama boom halijatoka na bando linakata, muhtasari wa PubMed ni maandishi matupu na hauli data. Ila usimjibu mgonjwa kwa muhtasari peke yake, kwa sababu mahali, hali ya watoto na nani aliachwa nje ya jaribio, mara nyingi vimo ndani ya makala.

Na anza na mwongozo. Muuguzi hafungui PubMed saa nane usiku ili abadilishe matibabu peke yake. Anaangalia mwongozo wa taifa, kisha wa Shirika la Afya Duniani, na anaingia kwenye makala moja moja pale miongozo inapokuwa kimya, inapogongana, au tarehe yake inapotia shaka. Ukiona kitu, namna ya kukipeleka ni muhimu kama kitu chenyewe. "Sista, mnakosea" itakufungia mlango kwa rotesheni nzima. "Shikamoo sista, nimekuta mapendekezo ya 2022 kuhusu kitovu, naomba tuyaangalie pamoja ukipata nafasi" imewahi kufungua milango mingi.

Jambo moja kwa wanaomaliza mwaka huu. Siku utakapokabidhi kitambulisho, nywila ya Hinari ya chuo nayo inabaki chuoni. Hospitali nazo zinaruhusiwa kuomba usajili, kwa hiyo ukiripoti kituo kipya uliza kama imesajiliwa, na kama haijasajiliwa mwombe mganga mfawidhi aandike maombi. PubMed haitaki nywila ya mtu. Ukifungua akaunti ya bure ya My NCBI kabla hujaondoka, unaweza kuhifadhi ule mstari wako wa kitovu, na kila rekodi mpya ikiingia utaletewa kwa barua pepe, hata ukiwa umepangiwa Kakonko.